Umbali wa Kiini cha Yai

Jumatatu ya tarehe 9 Mei 2022, saa moja asubuhi, Mama Joto aliingiza mayai elfu moja na mia mbili kwenye mashine ya kuatamia namba tatu, akafunga mlango na kuandika tarehe hiyo kwa chaki juu ya bati lake. Maandishi yalikaa pale wiki tatu, na yeyote aliyepita kwenye ukumbi ule aliyaona.

Mama Joto hana mtoto anayeitwa Joto. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake katika kituo cha kutotolea vifaranga, kwa sababu haamini kipimajoto peke yake. Akitaka kujua hali ya mayai, hufungua trei, huchukua yai moja, hufumba jicho na kuligusisha kwenye kope. Kope ni ngozi nyembamba, haina siri. Joto likizidi inalalamika, likipungua inanyamaza. Alisoma chuo cha mifugo miaka miwili, akafundishwa vipimo vyote vya kisasa, na bado kope ndiyo anayoiuliza mwisho. "Vipimajoto vitatu vinaweza kukubaliana uongo mmoja," husema. "Jicho langu halina wa kukubaliana naye."

Ni mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini na mdomo usiochoka kuuliza. Kwenye foleni ya benki atataka kujua kwa nini kamba imefungwa upande huu na si ule. Akipanda lifti atamuuliza mlinzi inabeba watu wangapi, na nani aliwahesabu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ni dereva wa gari la kituo hicho hicho, humwambia kwamba siku akifika mbele ya haki ataanza yeye kuhoji.

Kituo chenyewe ni jengo refu la matofali lenye paa la bati, nje kidogo ya mji. Upande mmoja kuna chumba cha ubaridi ambako mayai hupumzishwa. Katikati zimepangwa mashine za kuatamia, kila moja kubwa kama kabati la nguo la watu wazima wawili, na ndani yake trei hujigeuza zenyewe kwa mlio kama wa mtu anayesafisha koo. Mwisho kuna chumba cha kutotolea, chenye mashine mbili zinazotazamana, ya kushoto na ya kulia, kila moja na kidirisha cha kioo kisichozidi ukubwa wa sahani. Hewa ya humo ni nzito, yenye harufu ya manyoya mabichi na maganda. Mgeni akiingia huziba pua. Mama Joto akitoka likizo huivuta kama mtu aliyerudi nyumbani.

Mayai ya tarehe 9 Mei hayakuwa mayai ya kawaida. Miaka kumi na mmoja alikuwa akichagua kuku weusi wenye miguu mirefu, wasiougua ovyo, wanaojitafutia chakula na kulalia mayai bila kubembelezwa. Kila mwaka alibakiza waliomridhisha na kuwaondoa wengine. Wenzake waliwaita "mapolisi", kwa jinsi walivyosimama wima na kumkodolea macho kila aliyeingia bandani. Tatizo la mapolisi lilikuwa moja: walikua polepole. Wateja wa mji ule walitaka kuku anayefika sokoni kabla mwenye banda hajalijua jina lake. Mwezi Aprili Meneja alimwita Mama Joto na kumweleza, kwa heshima, kwamba kuanzia Juni mashine namba tatu itatumika kwa kuku wa nyama. Wazazi wa mapolisi waliuzwa, banda lao likasafishwa na kupakwa chokaa. Mayai yale elfu moja na mia mbili yalikuwa ya mwisho.

Kilichobaki ni mteja mmoja. Alikuwa mtu wa kwao aliyehamia ng'ambo zamani, akawa na shamba pembezoni mwa mji mkubwa wa mbali sana, upande wa kaskazini. Alikuwa ameona picha za mapolisi akawapenda. Mashine ya kutotolea hakuwa nayo. Alikuwa na banda, taa za joto na kibali cha kuingiza vifaranga wa siku chache. Wakifika wazima, ukoo ule ungeendelea huko. Wasipofika, ndiyo ingekuwa basi. Wachache ambao wangebaki mjini wangechanganyika na kuku wa jirani, na baada ya vizazi viwili asingekuwapo mtu wa kusema huyu ni nani.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza mayai, Mama Joto alifanya alichofanya siku zote. Aliuliza. Safari hii aliiuliza simu. Aliandika jina la mji wao na jina la mji wa mteja, akataka kujua ni umbali gani na ndege inachukua muda gani. Jibu lilikuja papo hapo, limenyooka kama rula: kilomita elfu saba mia moja na arobaini, muda wa ndege, saa nane na dakika hamsini. Aliongeza saa za njiani kwenda uwanjani na za ukaguzi kule, akaona ni safari ya siku moja isiyojaa. Kifaranga aliyetoka kwenye yai anaweza kukaa bila kula wala kunywa kwa siku tatu hivi, kwa sababu kabla hajavunja ganda huwa amevuta kiini chote kikaingia tumboni. Hiyo ndiyo akiba yake ya njiani. Siku moja ndani ya siku tatu ni jambo jepesi. Meneja akaweka nafasi ya mzigo kwa wakala kwa jioni ya Jumatatu tarehe 30 Mei, siku ya ishirini na moja ya mayai, na kila mtu akaendelea na kazi.

Alhamisi tarehe 26, shemeji alikuwa anapeleka vifaranga wengine kwenye ndege ya mkoani, na Mama Joto akapanda naye. Alitaka kulijua dirisha atakalokabidhi mzigo wake, ili Jumatatu asizunguke na maboksi kama mchuuzi.

Ghala la mizigo lilikuwa na mizani ya sakafuni, feni mbili na kaunta ndefu iliyochubuka rangi. Nyuma ya kaunta alikaa karani wa mizigo, binti wa miaka thelathini hivi, kalamu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mzigo wa Jumatatu. Naupitishia dirisha gani?"

"Unakwenda wapi?"

Mama Joto akautaja mji. Karani akaitoa kalamu sikioni.

"Kwa ndege ipi?"

"Hiyo inayokwenda huko."

"Haipo inayokwenda huko."

"Jumatatu haipo, au haipo kabisa?"

"Haipo kabisa, mama. Nina miaka sita kwenye kiti hiki. Sijaona ndege ikatoka hapa ikaenda kule."

Mama Joto akatoa simu, akapekua, akamwonyesha. "Mbona imeandikwa? Masaa manane na dakika hamsini."

Karani akasoma, akairudisha kwa mikono miwili. "Hapa wameandika muda. Hawajaandika ndege."

Shemeji, aliyekuwa ameegemea mizani, akacheka peke yake. Mama Joto hakumtazama.

"Na nafasi tuliyowekewa na wakala ni ya nini?"

Karani akaita kumbukumbu kwenye kompyuta, kisha akakigeuza kioo wote wakione. Nafasi ilikuwapo. Mzigo ungeondoka Jumatatu jioni, kwa ndege tatu. Ya kwanza ilikuwa inaelekea kusini.

"Kusini?" Mama Joto akauliza. "Mji wenyewe si uko kaskazini?"

"Ndege haiendi unakotaka wewe, mama. Inakwenda kwao. Kila shirika lina kwao, na mzigo lazima upitishwe kwao kwanza, kama mgeni anayezungushwa kusalimia ukoo mzima kabla ya kupewa kiti."

"Kwa hiyo tunakwenda mbele kwa kurudi nyuma," shemeji akasema.

"Shemeji, kaa kimya nisikie. Enhe, mwanangu, halafu?"

"Halafu hapo kusini mzigo unalala. Asubuhi unapanda ndege kubwa, masaa kumi, unafika mji wa pili. Hapo unangoja tena, maana ya tatu hairuki kila siku. Ukishuka ya tatu ndipo daktari wa mifugo wa kule aukague." Karani alihesabu kwa vidole juu ya kaunta. "Kutoka mnapofunga maboksi mpaka mwenyewe anayafungua bandani kwake, weka masaa hamsini na mawili. Hiyo ni kama kila mtu ameamka vizuri."

Mtu mwingine angelalamika au angemtafuta wakala amtukane. Mama Joto aliuliza maswali mengine tisa. Alitaka kujua maboksi yanakaa wapi yanapongoja, kama kuna dirisha, nani anayafungua, na kama inaruhusiwa kuweka vipande vya tango ndani ili vifaranga wapate maji. Hairuhusiwi, karani alisema. Mimea mibichi haivuki mpaka. Aliuliza kama ipo njia nyingine. Ipo, ila yenye nafasi ya wanyama hai ni ya wiki inayofuata. Akashukuru, akatoka.

Garini, walipofika kwenye mzunguko wa barabara kuu, akatoa simu tena.

"Shemeji, kijijini kwenu ni kilomita ngapi kutoka hapa?"

"Kwa barabara? Tisini na kitu. Ukipita darajani."

"Hapa wanasema sitini na moja." Akasogeza simu karibu na macho. "Na wanasema ndege inachukua dakika tano."

Shemeji nusura asimamishe gari. "Ndege ya kwetu? Kwetu hata uwanja wa mpira hatuna! Inatua wapi, juu ya bati la mama?"

"Dakika tano, imeandikwa."

"Basi nimeonewa miaka yote hii. Watu wanaruka dakika tano, mimi nahangaika na mashimo."

Mama Joto alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaanza kujaribu mahali pengine. Aliandika soko na kituo cha polisi, mji wa ziwani na mji wa mlimani, na kila mara simu ilimpa kilomita na muda wa ndege bila kusita. Ndipo akaelewa. Simu haikuwa inajua ndege yoyote. Ilichora mstari kutoka kitu hiki mpaka kile, ikaugawa kwa mwendo wa ndege, ikatoa jibu. Haikudanganya. Aliiuliza umbali na muda, ikampa umbali na muda. Hakuwa ameiuliza nani anapita hapo.

"Mimi ndiye niliyesema masaa manane," akasema, akitazama nje.

"Kosa si lako, shemeji."

"La nani?"

Shemeji akafikiri, akakosa wa kumpa. "Basi lako."

Meneja aliwapokea ofisini kwake, chumba chenye meza mbili na kalenda ya mtengenezaji wa chakula cha mifugo. Alikuwa kijana mwenye shahada, mpole, asiyependa kelele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akampigia wakala na kuthibitisha. Ni kweli, ndege tatu. Akauliza swali lililohitajika.

"Mama, kiini kinawatosha masaa hamsini na mawili?"

"Kinawatosha sabini na mbili. Lakini hawaanzi kuhesabu siku ya safari. Wanaanza wakitoka kwenye ganda." Akasogeza kiti. "Mayai hayatotoki kwa pamoja, bosi. Wa kwanza watatoka Jumapili mchana. Mpaka gari liondoke Jumatatu jioni, hao watakuwa wamekula karibu siku nzima na robo ya akiba yao wakiwangojea wenzao ndani ya mashine. Ukiongeza hamsini na mawili, wamepita. Watafia kwenye ndege ya tatu."

"Na wa mwisho?"

"Wa mwisho wanatoka alfajiri ya Jumatatu. Hao wana muda. Si mwingi, ila wanao."

"Tukifungua mashine Jumapili jioni tukawatoa wa kwanza, wakabaki wa mwisho?"

"Ukifungua, unyevu unatoka. Waliokuwa wanadonoa ganda, utando unakauka na kuwabana wakiwa nusu ndani nusu nje. Utawapoteza wale wale unaowataka."

"Tukipunguza joto wachelewe wote?"

"Watachelewa wote na kudhoofika wote."

Meneja akasema kwamba anaweza kumwandikia mteja na kufuta, ingawa kufuta hakuyazuii mayai kutotoka. Au wapeleke wote na kuomba Mungu. Au Mama Joto aseme.

"Nipe mpaka kesho," akajibu. "Kesho ni siku ya kuyahamisha."

Siku ya kumi na nane mayai hutolewa kwenye mashine ya kuatamia na kuhamishiwa kwenye ile ya kutotolea. Kwa kawaida ni kazi ya mikono miepesi na mazungumzo mengi: unamulika yai kwa taa, ukiona lina kifaranga unalilaza kwenye trei, ukiona tupu unalitupa, huku mkisengenya. Ijumaa ile Mama Joto aliwaambia wenzake wawili wafunge midomo.

Alikuwa amelala na jambo moja kichwani. Kila yai la mapolisi lilikuwa na siku lililotagwa, imeandikwa kwa penseli kwenye ganda. Ni desturi ya kituo. Yai lililokaa chumba cha ubaridi wiki nzima kabla ya kuingizwa mashineni huchelewa kutotoka kuliko lililokaa siku moja. Yai kubwa nalo huchelewa kuliko dogo. Haya anayajua kila aliyefanya kazi ile, lakini hakuna anayeyajali, kwa kuwa mwishowe wote hutoka na mlango hufunguliwa mara moja. Alikuwa na mashine mbili za kutotolea na nia ya kutumia moja. Sasa angetumia zote.

Mayai mapya na madogo yalikwenda mashine ya kushoto. Makubwa yaliyokaa muda mrefu yakaenda ya kulia. Ya katikati, ambayo yalikuwa mengi na hayakutaka kuamuliwa, aliyachukua moja moja, akayapima kiganjani, akayagusisha kopeni. Kifaranga aliyekaribia kutoka hutoa joto lake mwenyewe, na yai lake huwa na moto kidogo kuliko la jirani. Lenye moto, kushoto. Lililotulia, kulia.

Shemeji alisimama mlangoni, kwani haruhusiwi kuingia na viatu vya barabarani. "Sasa unawapangia madarasa?"

"Nawapangia mabehewa."

"Na wa kushoto wamefeli?"

"Wa kushoto wamewahi mno."

"Makubwa! Nimekua naambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Leo anayechelewa ndiye anapewa tiketi."

"Basi wewe ungekaa siti ya mbele," mmoja wa wenzake akasema, na ukimya alioagizwa ukaishia hapo.

Saa sita mchana walikuwa wamemaliza. Upande wa kulia kulikuwa na mayai mia sita na arobaini. Mama Joto alifunga milango yote miwili. Kama alikuwa amekosea kuyapanga, asingejua mpaka iwe haina maana kujua.

Jumapili alikwenda kazini baada ya chakula cha mchana, ingawa haikuwa zamu yake. Aliinama kwenye kidirisha cha kushoto. Kulikuwa na fujo: maganda yamepasuka, vichwa vyeusi vilivyolowa vinaibuka, wengine tayari wamesimama na kukanyagana. Sauti ilipenya mlango. Akageuka kulia, akaweka macho yake hapo muda mrefu. Mayai yalikuwa yametulia kama mawe. Kisha moja, pembeni kabisa, likatikisika, na ufa ukatokea.

"Wewe una haraka gani?" akaliambia.

Alikaa kwenye kigoda katikati ya mashine mbili. Aliutumia mchana ule kufikiria mstari. Ukichora kutoka mji wao mpaka ule mji mwingine moja kwa moja, unapita juu ya nini? Aliifungua ramani kwenye simu na kuufuata kwa ukucha: nyika, mto, nchi mbili ambazo hakuwahi kumjua mtu wake hata mmoja, jangwa, bahari, milima yenye theluji. Ilimshangaza kwamba njia fupi kuliko zote, ambayo ipo na inaweza kupimwa, haina msafiri. Na ile ndefu, inayoanza kwa kwenda kinyume, imejaa watu kila siku. Akajiuliza kama alishawahi kufika popote kwa mstari ule wa kwanza. Hakukumbuka. Hata kwenda kuolewa alipitia kwa shangazi.

Jioni, kushoto walikuwa wametoka karibu wote. Kulia alihesabu kupitia kioo kama ishirini. Ishirini angeweza kuwaacha. Akaenda nyumbani.

Jumatatu mchana walifungua mashine ya kulia. Joto lilitoka usoni mwao kama pumzi ya ng'ombe. Vifaranga walikuwa wamejaa trei, weusi, manyoya yameanza kutanuka, wengine bado wamelala kifudifudi kwa uchovu wa kutoka. Alichukua mmoja, akamgeuza: kitovu kimefunga, tumbo limejaa na ni laini kama shavu la mtoto. Kiini kilikuwa humo, hakijaguswa. Akawekwa kwenye boksi. Mwingine tumbo lilikuwa limeanza kunywea. Huyo aliwahi, akawekwa kando. Kazi ile iliwachukua mpaka saa tisa. Waliofaa walikuwa mia nne na themanini.

Kwa kawaida boksi moja hubeba mia. Meneja alikuja mwenyewe, amevaa koti jeupe lisilomtosha, akasema waweke themanini kila boksi. "Wakingoja kwenye ghala lenye joto, wapate pa kupumulia," alieleza. Yakawa maboksi sita. Mama Joto alikuwa amepanga tisini. Alifikiri kidogo, akakubali kwamba themanini ni sahihi zaidi.

Mashine ya kushoto ilibaki na vifaranga wachangamfu kuliko wote, wanaoruka, wanaodonoa vidole vya kila aliyeingiza mkono. Mmoja wa wenzake aliwatazama, akayatazama maboksi yenye vifaranga wanaosinzia.

"Mama Joto, moyo haukuumi? Unaacha hawa unapeleka wale?"

"Unaniuma. Funga boksi."

Uwanjani karani aliwapima, akabandika vibandiko, akasoma majina ya miji mitatu kwa sauti ili Mama Joto asikie. Kisha mlango wa ghala ukashuka. Kuanzia hapo hakuwa na la kufanya, hali ambayo hajaizoea. Jumanne asubuhi alisema, "Sasa wanapanda ya pili." Jumanne jioni akasema, "Wako juu ya maji." Jumatano shemeji aliacha utani tangu asubuhi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alhamisi, akiwa anaosha trei, simu iliita. Ilikuwa sauti ya mteja, na nyuma yake kelele kali, nyembamba, za wengi.

"Mama Joto! Unawasikia watoto wako?"

Alizima bomba. "Wangapi?"

"Ndege ya tatu ilichelewa masaa matatu, nilidhani tumekwisha. Nimewahesabu mara mbili. Mia nne na sitini na mmoja wazima."

"Kumi na tisa wamekufa."

"Kumi na tisa, ndiyo. Pole."

"Walikuwa boksi moja au wametawanyika?"

"Kumi na watano walikuwa boksi moja. La juu kabisa."

"Miguu yao mikavu?"

"Sikuangalia, mama."

"Nenda kaangalie, nitangoja."

Aliondoka, akarudi. Haikuwa mikavu. Basi si kiu, Mama Joto aliwaza. Ni joto, au ni ubaridi wa juu, au mtu aliweka kitu juu ya matundu. Akamuuliza boksi lilikuwa upande gani, na kama lilibonyea. Mteja alijibu kila kitu kwa subira ya mtu aliyeonywa mapema kuhusu maswali haya.

"Na hawa wazima, wamekunywa?"

"Wamekunywa mpaka nimejaza vyombo mara mbili. Sasa wamesimama wote wananitazama. Mbona wananitazama hivi?"

Mama Joto akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuoshea. Shemeji, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha akijifanya anakagua tairi, alipoiona sura yake akaingia na viatu vyake vya barabarani mpaka katikati ya chumba, na siku hiyo hakuna aliyemfukuza.

Waliobaki, wa mashine ya kushoto na wale waliowekwa kando, wafanyakazi waligawana. Shemeji alichukua arobaini, akawapeleka kijijini kwa barabara, kilomita tisini na kitu. Mama Joto hakuchukua. Alisema banda lake limepakana na la jirani na hataki kushuhudia wakichanganyika.

Ripoti ya boksi la juu ameiandika na kuikabidhi kwa Meneja, akipendekeza kwamba safari yoyote ya ndege zaidi ya moja ipangwe kuanzia kwa karani wa mizigo, siyo kwenye simu. Mitetea wa kwanza kule watataga mwezi Novemba. Mteja atanunua mashine ndogo ya kutotolea kabla ya hapo, na Oktoba Mama Joto atapanda ndege tatu kwenda kumfundisha kuitumia.